Kamba ya Katani

Gunia la maharage la Mutaho halina rangi moja. Mkulima wa Burundi amezoea kupanda mchanganyiko, mekundu na ya njano, meupe na yenye madoa kama yai la kware, ili mvua ikiikataa aina moja, nyingine iokoe chungu. Hivyo ndivyo yanavyovunwa na ndivyo yanavyofika sokoni. Mchuuzi mmoja wa maharage alishtuka basi, asubuhi moja, alipogeuka na kukuta nusu gunia limemwagwa juu ya mkeka nyuma ya meza yake. Mwanawe wa tatu, mwenye miaka minne na ambaye hakuwa amewahi kumwita mama, alikuwa amepiga magoti akipanga punje kwa mistari. Mekundu kwa mekundu, ya njano kwa ya njano, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula. Mama akamwita kwa jina, hakugeuka. Akamwita tena. Wateja wakaanza kukusanyika. Mmoja akacheka, mwingine akasema kwa Kirundi neno ambalo nyumba ile ilikuwa imelichoka: ikiragi. Bubu.

Mtoto huyo sasa ana miaka kumi na mmoja. Mama yake amekubali kumbukumbu zake ziandikwe kwa sharti moja tu, kwamba jina lake na la mwanawe yasitajwe, kwa sababu Mutaho ni padogo. Ni eneo la kaskazini mwa Gitega, kwenye barabara ya kwenda Ngozi, vilima juu ya vilima, na habari hukimbia kuliko baiskeli. Nyumbani kwao huzungumza Kiswahili. Wakitoka mlangoni huzungumza Kirundi.

Dalili zilikuwepo mapema, ila hakuna aliyezijua jina. Akiwa na mwaka mmoja na nusu mtoto hakunyoosha kidole kuonyesha kitu. Akitaka maji, alimshika mama mkono na kuuburuta hadi kwenye dumu, kana kwamba mkono ule ni kopo tu lisilo na mwenyewe. Hakugeuka akiitwa, lakini karatasi ya biskuti ikichanwa chumba cha pili alikuwa ameshafika. Na walipompeleka kwenye harusi iliyokuwa na wapiga ngoma, zile ngoma kubwa ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014 na ambazo kila Mrundi huzisikia kifuani kabla ya masikioni, aliziba masikio na kupiga kelele mpaka wakaondoka kabla ya chakula. Bibi yake ndiye aliyesema kwanza: huyu si kiziwi, kiziwi hakimbii ngoma.

Hapo ukaanza msafara. Kila mzazi wa mtoto wa aina hii anaujua. Walimkata kimeo, kwa kuwa jirani aliapa kwamba ndicho kinachofunga ulimi. Mtoto akatoka damu siku mbili na ulimi haukufunguka. Wakamnywesha kombe. Wakamwendea mganga wa kilima cha pili, aliyeona mkono wa shemeji. Wakaenda kwenye maombi ya watu wa dini nyingine kabisa, maana mwenye kuzama hushika hata jani. Mbuzi wawili wakauzwa. Kwenye kituo cha afya, ambako tangu Mei 2006 watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo, muuguzi alimpima uzito, akasema wavulana huchelewa kusema, akawarudisha nyumbani.

Wasomaji wa pwani wasicheke. Mwaka 2015 Joseph Gona, Charles Newton na Amina Abubakar, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha Kilifi nchini Kenya, walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wazazi na wataalamu wa pwani kuhusu chanzo cha usonji, ambao ndio hali ya mtoto huyu. Majibu yalikuwa yale yale ya Mutaho: pepo, uchawi, laana, na kando yake maradhi, utapiamlo na matatizo ya kujifungua. Wazazi wengi walikuwa wamepita kwa mganga, msikitini au kanisani na hospitalini, mara nyingine kote huko. Hilo halionyeshi ujinga. Mtu asipopewa jibu katika mlango mmoja hubisha mwingine.

Lililomchoma mama zaidi ya mbuzi ni maneno. Upande wa mume ulisema amemtazama mwanawe kwa moyo baridi alipokuwa tumboni, kwa kuwa mimba ile ilikuja mapema. Ingemsaidia wakati ule kujua kwamba maprofesa wa Ulaya na Marekani walisema upuuzi huo huo, tena kwa vitabu vinene. Daktari Leo Kanner alipoeleza usonji kwa mara ya kwanza mwaka 1943, kwa habari za watoto 11, aliandika pia kuhusu wazazi waliokosa uchangamfu, na baadaye Bruno Bettelheim akaigeuza dhana hiyo kuwa hukumu: ubaridi wa mama ndio unaomfunga mtoto. Akina mama wa Chicago walibeba lawama hiyo miaka mingi. Aliyeivunja mwaka 1964 alikuwa Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Leo hakuna mtaalamu wa maana anayerudia neno lile. Usonji huanza katika namna ubongo unavyokua, na sehemu kubwa yake imo katika urithi wa damu. Chanjo nazo hazihusiki. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na yeye akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza.

Lakini mama wa Mutaho hakujua. Na kuna jambo alilolifanya katika mwaka ule ambalo hulieleza bila kuzungusha.

Siku moja ya soko mtoto alitoroka. Walimkuta kando ya lami akitazama magurudumu ya malori yanavyozunguka, hatua mbili kutoka kifo. Soko lililofuata mama alikuja na kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi, akamfunga mtoto kifundo cha mguu kwenye mguu wa meza. Aliuza vizuri siku hiyo. Alimfunga tena soko la pili, na la tatu. Jioni ya siku ya tatu, akimwogesha, aliona ngozi imechubuka duara zima, na mtoto akilikodolea duara lile kama kitu cha kupendeza. Alilia hadi mume akatoka nje. Mume huyo, mwendesha baiskeli ya abiria, hakusema kitu. Kesho yake akampakia mwanawe mbele kwenye bomba la baiskeli na kuzunguka naye mpaka giza lilipoingia. Ikawa desturi ya kila jioni. Aligundua kwamba upepo na mtikisiko vinamtuliza, ila hakuona kama hiyo ni elimu. Aliona ni matembezi tu.

Gitega ndiko walikopata jina. Daktari mmoja aliwaambia kwanza wapimwe masikio, jambo ambalo kila mzazi wa mtoto asiyesema angepaswa kuanza nalo, kwa sababu uziwi na usonji huweza kufanana utotoni na njia zake ni mbali. Masikio yalikuwa mazima. Daktari akauliza maswali mengi kuhusu michezo, kidole, macho, usingizi. Kisha akaandika neno la Kifaransa kwenye karatasi. Mama akalikunja neno lile akaliweka kwenye fundo la kitenge. Kwa Kiswahili wengine huliita usonji, wengine tawahudi, na Wakenya husema otizimu. Wakati ule Shirika la Afya Duniani lilikuwa likikadiria mtoto mmoja hivi katika kila mia. Mama anasema alipoisikia hesabu hiyo alianza kuhesabu watoto wa kilima chake kwa vidole, akafika kwa mmoja aliyefichwa chumba cha nyuma, akanyamaza.

Maswali ya daktari yule hayakuwa siri ya kitaalamu. Jijini Kampala, Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliyageuza mambo ya namna hiyo kuwa orodha ya maswali 23 ambayo mzazi huulizwa nyumbani kwake. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalitokana na watoto 1,169 wa miaka miwili hadi tisa wa Kampala na Wakiso. Orodha haitoi hukumu, huonyesha tu nani apelekwe mbele. Je, mtoto huonyesha kitu kwa kidole? Huiga? Huigiza, kama kumlisha mwanasesere au kuendesha jiwe kana kwamba ni gari? Hugeuka akiitwa? Na ikiwa aliwahi kuwa na maneno, je, yamepotea? Mzazi anayejibu vibaya mengi kati ya hayo asingoje mtoto afike umri wa shule.

Daktari alisema mambo mengine mawili. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, na anayeiuza ni mwizi. Ila kifafa huandamana nao mara nyingi kuliko kwa watoto wengine, na kifafa kina dawa. Mtoto akikodoa macho na kukakamaa wasimpeleke kwa mganga, warudi hospitali. Halafu wakaagana. Hapakuwa na darasa la kumpeleka, hapakuwa na mtaalamu wa kufundisha kusema. Karatasi na nauli ya kurudi.

Mkono mwingine ulitoka Muyinga, na hakuna aliyeutarajia.

Dada mkubwa wa mama ameolewa huko, mji wa kaskazini-mashariki ambao mtu akiupita anakaribia Kobero na mpaka wa Tanzania. Walikwenda kwa ajili ya maziko. Nyumba ilijaa watu, vilio, sufuria, na mtoto akavurugika kama ilivyotarajiwa: akajipiga kichwa, akauma mkono wake mwenyewe. Dada akasema, twende nikuonyeshe mahali. Wakatembea hadi kwenye maktaba ya Muyinga, jengo la mwaka 2012 lililochorwa na wasanifu wa BC Architects wa Ubelgiji kama hatua ya kwanza ya shule jumuishi ya watoto viziwi. Kuta zake ni matofali ya udongo ulioshindiliwa, hayakuchomwa; paa ni vigae vilivyochomwa, juu ya mbao za mkalitusi. Ndani, sehemu ya watoto, kuna kitu ambacho wageni hukipiga picha: wavu mkubwa wa kamba za katani uliotandazwa juu kama kitanda cha kuning'inia, watoto hupanda wakajilaza humo na vitabu vyao.

Mtoto aliutazama wavu kwa muda mrefu. Kisha akapanda bila kuonyeshwa, akalala kifudifudi, kamba zikimkandamiza mashavu, akaanza kujibembeza polepole. Alinyamaza. Mama anakumbuka kwamba aliogopa kukohoa. Alikaa chini kwenye sakafu, akaweka kidole kwenye tundu la wavu, na baada ya muda kidole cha pili kikakishika kutoka juu. Hakikuuburuta mkono kwenda popote. Kilishika tu.

Hapo ndipo alipoitambua kamba. Katani ile ile.

Ni rahisi kwa mwandishi kuipamba hadithi kama hii, kwa hiyo isemwe wazi: wavu hautibu usonji. Wapo watoto wenye usonji wanaokichukia kitu chochote kinachowabana au kuwayumbisha, na ushahidi wa kitaalamu kuhusu bembea na mazoezi ya hisi bado haujakaa sawa. Alichokipata mama Muyinga ni kipimo, si tiba. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe hakuwa akifanya fujo. Alikuwa akitafuta kitu mwilini mwake, uzito fulani, mwendo fulani, na akikipata hutulia. Baiskeli ya baba ilikuwa imelisema jambo hilo hilo kila jioni. Waliporudi Mutaho, mzee mmoja anayesokota kamba za ng'ombe aliwafumia wavu mdogo kwa faranga chache na debe la maharage. Ukafungwa kati ya nguzo mbili za ukumbi, chini kiasi cha mtoto kugusa ardhi kwa mguu, na baba alijining'iniza kwanza yeye mwenyewe ili ajue kama mafundo yatashika. Mtoto akirudi kutoka mahali penye kelele huenda humo kwa robo saa. Sasa anakwenda mwenyewe. Zamani alipigwa.

Mambo mengine yalikuja kwa simu. Mdogo wake mama yuko Nairobi, na jirani yake wa huko ana binti mwenye usonji. Kenya ilitangulia: chama cha Autism Society of Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na mwaka huo huo kikafunguliwa kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya msingi ya City, mtaa wa Ngara. Kupitia jirani yule, mdogo mtu alisikia kuhusu mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotengenezwa pamoja na shirika la Autism Speaks la Marekani kwa ajili ya familia za watoto wa miaka miwili hadi tisa. Ni vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, na anayefundisha si lazima awe daktari. Yamejaribiwa Ethiopia na Kenya miongoni mwa nchi nyingi, na tangu 2022 maandishi yake yako bure kwenye intaneti. Mdogo mtu alikuwa akisoma ukurasa, kisha anarekodi sauti kwa Kiswahili na kuituma kwa WhatsApp. Mama alizisikiliza akichagua maharage, nyingine mara tano.

Kiini cha mafunzo yale kilimshangaza kwa kuwa hakikuwa na kifaa. Kinasema mtoto hujifunza ndani ya kazi za kila siku za nyumba na michezo midogo ya nyumbani, na kwamba mzazi aanze pale macho ya mtoto yalipo. Wewe unataka aimbe, yeye anapanga maharage: basi kaa naye kwenye mkeka upange maharage.

Akakaa. Mtoto akiweka jekundu, naye aliweka jekundu, akisema neno moja tu: jekundu. Hakuuliza "hii ni rangi gani?", hakusema "sema baada yangu". Wiki ya kwanza mtoto alimsukuma mkono. Wiki ya pili akamwachia nafasi kwenye mstari. Kisha mama akaanza kuishika punje kiganjani na kungoja, akihesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuitoa, kwa sababu sauti ya Nairobi ilisisitiza kwamba sisi watu wazima hatuwapi watoto hawa muda. Tunauliza na kujibu wenyewe. Kungoja ndiko kulikomshinda zaidi. Siku moja, akiwa amefika saba, mtoto akainua macho kutoka kiganjani hadi usoni mwake. Punde tu. Akampa punje. Neno lenyewe, "njano", lilikuja miezi mingi baadaye, likitamkwa kama "nya", na halikuwa la maharage bali la dumu la maji.

Ukuta ulikuwa darasa la pili. Asubuhi ilikuwa vita, kwa hiyo mama akaweka kwenye ubao wa ukutani vitu vitatu vilivyoning'inia kwa uzi: kipande cha sabuni, kijiko, kiatu kimoja kikuukuu. Sabuni ni kunawa, kijiko ni uji, kiatu ni kutoka. Jambo likimalizika, kitu kinatolewa na kutiwa kwenye kikapu. Baadaye vitu vikawa picha zilizochorwa kwa mkaa kwenye vipande vya katoni. Wataalamu wana mfumo wa kubadilishana picha ambao Andy Bondy na Lori Frost waliuanzisha Marekani mwaka 1985, na wapo wazazi wanaohofu kwamba mtoto akizoea picha atakuwa mvivu wa kusema. Hofu hiyo haina msingi. Kwa wengi picha huushika ulimi mkono. Mama aliongeza maneno mawili ambayo sasa hata wadogo zake mtoto huyatumia: kwanza, halafu. Kwanza maji, halafu wavu. Kwanza shati, halafu baiskeli.

Mwalimu mmoja alimshauri aache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, kwa kuwa Kirundi peke yake kinamtosha mtu wa namna hii. Ushauri huo hutolewa Bujumbura, Mombasa, London, kila mahali, na si sahihi. Tafiti za watoto wenye usonji wanaokulia katika lugha mbili hazijaona kwamba lugha ya pili inawachelewesha. Na mama alikuwa na sababu yake, nzuri kuliko tafiti: bibi hajui kumbembeleza mtu kwa Kirundi.

Soko lenyewe hakuliacha. Alibadilisha saa. Hufika alfajiri wakati meza nyingi zingali tupu, mtoto akiwa chini ya meza ndani ya kihema cha kitenge, na saa nne kamili baba anapita kumchukua. Siku za mwanzo alikuwa akikaa dakika kumi. Zikaongezwa tano tano. Kunyoa nywele kulichukua mwezi mzima: leo kuitazama mashine imezimwa, kesho kuigusa, keshokutwa kuisikia ikinguruma uani huku yeye yuko ndani. Hatua ndogo ndogo, zile sauti za Nairobi zilisema, na msaada upunguzwe kidogo kidogo kama mtu anayeachia kiti cha baiskeli ya mwanafunzi.

Shule ilikuwa habari ngumu, na bado. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na sheria ya tarehe 10 Januari 2018 inazilinda haki hizo, elimu ikiwemo. Mama alipobeba habari ya sheria hiyo kwenye shule ya kwanza, aliambiwa sheria iko Bujumbura. Shule ya pili ilimpokea mtoto kwa siku mbili kwa wiki, akae karibu na mlango, na kaka yake awe darasa moja naye. Mwalimu wake hana mafunzo ya usonji wala msaidizi. Lakini amekubali kadi za katoni, na amewaambia watoto wengine kwamba mwenzao akiziba masikio wapunguze kelele, nao hupunguza, kiasi. Dar es Salaam wana kitengo katika shule ya Msimbazi Mseto; Kigali kuna kituo cha Autisme Rwanda. Addis Ababa walikuwa na Zemi Yenus, aliyefungua Joy Center mwaka 2002 baada ya kukosa shule yoyote ya kumpokea mwanawe, akaiongoza hadi alipofariki mwaka 2021. Mara nyingi mlango hufunguliwa na mzazi aliyefungiwa mwingine. Serikali huja baadaye kukata utepe, hasa karibu na tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani tangu 2008.

Na mzazi anachoka. Hili huandikwa mwisho katika vijitabu, nalo lingekuwa la kwanza. Mtoto alikuwa akilala kwa muda wa saa tatu au nne tu kwa usiku, na mama aliuza maharage akisinzia. Kilichomwokoa ni kikundi chake cha akiba na mikopo, kimoja cha vile ambavyo Warundi wengi huviita Nawe Nuze, yaani nawe uje. Wanawake wanne wa kikundi kile wana watoto wenye ulemavu: kifafa, uziwi, mguu, na huyu. Walikubaliana kwamba kila Jumapili alasiri mmoja awatunze watoto wote wanne, na watatu walale. Hawahudhurii semina, hawazungumzi kuhusu hisia zao. Wanalala. Yule mtoto wa chumba cha nyuma alitolewa nje kwa mara ya kwanza Jumapili moja kama hiyo, na bibi wa mtoto wa maharage ndiye aliyekwenda kumchukua, akiwa na fimbo yake na maneno machache kwa baba mwenye nyumba.

Mtoto wa maharage ana maneno arobaini hivi, ya lugha mbili. Hasomi. Anajua kubadilisha faranga, lakini noti chafu hazigusi. Bado hujiuma mkono akiona mvua ya ghafla. Mbele ya ofisi ya serikali hapiti kwa sababu ya jenereta, na mama hajui atakuwaje akiwa na miaka ishirini. Swali hilo huliweka mahali alipoliweka lile neno la Kifaransa. Wakulima kadhaa, kwa upande wao, wameshajua kwamba mbegu alizotenganisha yeye hazina punje ngeni, maharage ya kupanda mti kando, mafupi kando, na humletea vikapu kabla ya msimu. Analipwa kwa kopo. Mwenye kuhitaji afike mapema: ikigonga saa nne meza inabaki na mama peke yake, kijana ameshapanda baiskeli kwenda kwenye wavu wake.